Kesi ya Mchezo wa Nne

Chisato Kurumatani anaendesha basi la jiji, lile linalotoka stesheni ya Amagasaki kuelekea bandarini, na abiria wake wanamsifu kwa upole. Akina bibi wakipanda na mikongojo yao, huwangoja mpaka wakae ndipo aliondoe basi. Sauti yake kwenye kipaza sauti ungedhani anambembeleza mtoto alale. Lakini Jumapili mchana, akishavua glavu zake nyeupe na kusukuma mlango wa mkahawa wangu, upole huo huuacha nje.

"Mama, kahawa ya barafu! Na leo mtu asinitajie mchezo wa nne, sina hali."

Hapo ujue atautaja mwenyewe kabla barafu haijayeyuka.

Mama ni mimi, Nobue. Wateja wote huniita hivyo, hata walionizidi umri. Mkahawa nimeachiwa na marehemu mume wangu, kwenye mtaa wa maduka wenye paa, jirani na muuza samaki. Mambo ya michezo ya video yalikuwa mbali nami kama mbingu na ardhi. Hawa watu walianza kuja kwa sababu nina meza moja ndefu, na simfukuzi mtu kwa kukaa sana na kikombe kitupu.

Mchezo wanaougombania unaitwa Mahakama ya Mvua. Imetoka mitano, na wa sita wanausubiri kama ukoo unavyosubiri mjukuu wa kwanza. Ndani yake wewe ni Hiyori, wakili kijana anayewatetea watu waliosingiziwa kuua. Unahoji mashahidi, unapekua vielelezo, na shahidi akisema neno lisilopatana na ushahidi, Hiyori anagonga mwavuli wake sakafuni, ngo! Basi uongo unaanza kuvuja kama paa bovu. Nimezisikia kesi zake mpaka nikiona msichana mwenye mwavuli mwekundu sokoni, nusura nimsalimie.

Chisato ndiye mkali wao. Kwake yeye, mchezo wa tatu ndio kilele, na baada ya hapo ni mteremko. Mzee Hirukawa, aliyestaafu upostamasta, hajali sana ni upi wa ngapi; yeye amempenda Bi Otsuna, muuza tambi anayetoa ushahidi mara moja tu katika mchezo wa pili kisha haonekani tena.

"Yule mama ndiye mtu pekee mwenye akili katika mahakama nzima," husema kila Jumapili. "Aliulizwa swali, akajibu, akarudi kwenye sufuria yake."

"Mzee, yule amesema maneno matatu!" Chisato humjibu.

"Na yote yalikuwa kweli. Wewe umesema maelfu toka uingie."

Wa tatu ni Ueji, fundi wa viyoyozi, mtu mnene mwenye kucheka, ambaye kiangazi hana Jumapili na kwa hiyo masika huja na kiu ya ubishi ya mwaka mzima. Ueji anaupenda mchezo wa nne. Katika watu wote niliowahi kuwasikia, ni yeye peke yake. Mchezo huo ulimwondoa Hiyori, na badala yake ukawapa watu Kagero, mwendesha mashtaka aliyekuwa adui yake, sasa kazeeka, anatembea polepole, na kila kesi aliyoshinda zamani inamnyima usingizi. Mashabiki waliukasirikia kama watu walioagiza vitumbua vya pweza wakaletewa vitumbua visivyo na pweza.

"Ule mchezo uliua mfululizo mzima," Chisato alisema Jumapili moja, akigonga meza. "Uliua kabisa. Maiti iko pale, damu bado mbichi."

"Dada, wewe hukumwelewa Kagero," Ueji alisema.

"Kagero alinielewa mimi? Saa nzima anatazama mto! Kama nataka kutazama mto, Mto Muko uko pale, sina haja ya kulipa."

Mzee Hirukawa akaweka kikombe chini. "Tumetajiwa mauaji. Basi kama ni mauaji, kesi ifunguliwe. Mshtakiwa ni mchezo wa nne. Chisato-san ashitaki, Ueji-san atetee."

"Na hakimu nani?" Ueji aliuliza. "Wewe mzee utampa ushindi Bi Otsuna."

Wote watatu wakanigeukia. Nilikuwa nakata mkate.

"Msinitazame hivyo," nikasema. "Mimi hata kukishika hicho kidude sijui."

"Ndiyo maana, Mama," akasema Chisato. "Wewe ndiye mtu pekee Amagasaki nzima asiye na upande."

Basi nikawa hakimu. Kesi ilisikilizwa Jumapili ya katikati ya mvua za Juni, mtaa wote ukinuka mwavuli mbichi. Nilivaa kanzu nyeusi niliyovaa kwenye mazishi ya shangazi, na rungu langu lilikuwa nyundo ya kupondea nyama. Habari ilikuwa imevuja: muuza samaki alikuja na aproni yake, akaketi mbele, na watu nisiowajua wakajaa mpaka mlangoni. Niliuza mikate ya mayai siku ile kuliko sikukuu yoyote. Kasha la mchezo wa nne likawekwa juu ya kiti cha mtoto, ndicho kizimba.

Chisato alisimama akiwa amevaa sare yake ya basi iliyopigwa pasi, na glavu. Lo, alikuwa na maneno yule! Alisema mshtakiwa alimteka Hiyori bila maelezo. Alisema mshtakiwa hana kichekesho hata kimoja toka kesi ya kwanza hadi ya mwisho. Akamwita shahidi wake, Mzee Hirukawa, akamuuliza kama ni kweli alisinzia akiucheza.

"Nilisinzia," mzee akakiri.

"Hakimu ameona!"

"Lakini mimi husinzia hata kwa kinyozi," mzee akaongeza. Mkahawa ukaangua kicheko, nami nikagonga nyundo mpaka sahani zikaruka.

Ueji alitetea kwa moyo wote, lakini si msemaji. Alisema kuna watu wanaohitaji mchezo wa polepole, na kwamba mtu aliyeshitaki wengine maisha yake yote ana haki ya kujishitaki. Yalikuwa maneno mazuri, ila aliyasema akijifuta jasho na kutazama viatu. Muuza samaki alipiga miayo. Nikaona kesi inamwendea vibaya mshtakiwa.

Chisato akamalizia kwa kishindo. "Na mwisho wake, mheshimiwa Mama, je? Kagero anasimama darajani na beji yake ya kazi. Beji aliyoilinda toka mchezo wa kwanza! Anaitupa mtoni kama ganda la chungwa, basi, kwisha habari. Huo si mwisho, huo ni usaliti."

Watu wakapiga makofi. Ueji hakuwa anajifuta jasho tena. Alikuwa akimtazama Chisato kwa namna anavyotazama kiyoyozi kinachotoa mlio usiotakiwa.

"Mama hakimu, naomba kumhoji mwendesha mashtaka mwenyewe."

"Inaruhusiwa?" nikamuuliza Mzee Hirukawa.

"Katika mchezo wa pili iliruhusiwa," akasema.

"Haya, hoji."

"Chisato-san, beji ilitupwa na nani?"

"Na Kagero. Una masikio?"

"Na wewe wakati huo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natazama, nitafanya nini kingine? Natazama huku nimekasirika."

"Ulikuwa unatazama tu?"

"Natazama tu! Bwana, unataka nini?"

Ueji akaenda kwenye ndoo ya miavuli mlangoni, akachomoa wa kwanza uliomjia mkononi, wa muuza samaki, unaochuruzika maji, akarudi nao na kuugonga sakafuni. Ngo! Watu walishtuka kwelikweli.

"Pale hakuna anayetazama tu," akasema. Sauti yake ilikuwa imepata nguvu, sijui ilitoka wapi. "Kagero ananyoosha mkono na beji, halafu mchezo mzima unanyamaza. Hauendi mbele. Unakungoja wewe mwenye kifaa. Ukibonyeza, beji inaanguka mtoni. Ukikaa bila kubonyeza, mzee anairudisha mfukoni, anakwenda nyumbani. Kagero hajawahi kuitupa ile beji, Chisato-san. Anayeitupa ni mchezaji, kwa kidole gumba chake."

"Mimi niliibonyeza," Mzee Hirukawa akanong'ona. "Nikajuta wiki nzima."

"Mtu aliyetazama video ya mtu mwingine ndiye anayeona Kagero akitupa," Ueji akasema. "Wewe mchezo huu hukuumaliza."

Ilisikika mvua tu juu ya paa la mtaa. Masikio yalimwiva Chisato kama pilipili. Mtu yule ambaye wiki baada ya wiki hakuna aliyeweza kumziba kauli, akaketi kwenye kiti chake taratibu, akaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja.

Nilimwonea huruma, lakini mimi ni hakimu. "Jibu swali, mwanangu."

"Sikuumaliza," akasema. "Niliishia kesi ya pili."

Muuza samaki akasema, "Eeh!" nami nikamkodolea macho akanyamaza.

"Ile mitatu ya kwanza nilicheza na kaka yangu Takehito," Chisato akaendelea. "Tulikuwa na kifaa kimoja. Yeye anasoma sauti za wanaume, mimi za wanawake na za kasuku. Tukigundua uongo tunagonga sakafu pamoja, mpaka jirani wa chini anapanda kulalamika. Mwaka uliotoka wa nne, Takehito alipata kazi Kushiro, kule kaskazini kwenye barafu, akaenda na kifaa. Nilinunua changu. Nikakaa peke yangu, nikasoma sauti ya Kagero mwenyewe, kwa sauti yangu hii hii." Akacheka kidogo huku akijipangusa pua. "Ilikuwa mbaya sana, Mama. Nikakizima. Mengine nilitazama kwa watu, ili nijue pa kuutukania."

Hakuna aliyemcheka. Ueji, ambaye ndiyo kwanza ameshinda kesi ya maisha yake, alionekana kama mtu aliyevunja chombo cha watu.

"Samahani, dada. Sikujua."

"Acha zako, ulinikamata vizuri," Chisato akamwambia. "Ule mwavuli ulinitoa roho."

Nikagonga nyundo. Nilisema mshtakiwa hana hatia, kwa kuwa anayemshitaki alimwona mara moja tu, tena kwa mbali. Nikasema Chisato Kurumatani anahukumiwa kuucheza mchezo wa nne mpaka mwisho, na asiucheze peke yake. Kisha nikamwamuru ampigie kaka yake pale pale, mbele ya baraza.

Takehito alijitokeza kwenye simu akiwa jikoni kwake, kavaa sweta mwezi wa Juni.

"Chi? Kuna msiba? Hao watu wote ni nani?"

"Niko mahakamani," Chisato akasema. "Nimepatikana na hatia. Kaka, mchezo wa nne... mwisho wake, ile beji, uliitupa?"

Takehito akajikuna kichwa. Alitazama pembeni, kama mtu anayetafuta pa kutokea.

"Beji gani?" akasema mwishowe.

Chisato akaiinua simu usoni pake. "Takehito! Hukuumaliza?"

"Nilijaribu! Hakuna wa kusoma sauti za wanawake. Nilijaribu kumsoma yule jaji bibi, mke wangu akaniuliza kama naumwa."

Hapo ndipo mkahawa ulipopasuka. Muuza samaki alicheka mpaka akalazimika kutoka nje. Chisato alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na ndani ya simu kaka yake naye vilevile, na hakuna aliyesikia mwenzake anasema nini.

Takehito alikuja Agosti, kwa sikukuu ya kuwakaribisha wafu, na walipokwisha kusafisha kaburi la wazazi wao walikuja moja kwa moja kwangu na kile kifaa cha zamani, bawaba yake imefungwa kwa utepe wa gundi. Walichukua meza ya dirishani. Ueji alikuwa na viyoyozi vya mji mzima vya kushughulikia, lakini kila siku alipata sababu ya kuja kuangalia changu, ambacho hakikuwa na ugonjwa wowote. Alisimama nyuma yao na bisibisi mkononi, akijing'ata ili asiwafichulie kitu. Watu huniuliza kama yeye na Chisato walioana mwishowe. Hapana. Ueji ana mke, tena mke anayependa mpira.

Takehito alisoma Kagero kwa sauti nzito, ya kukwaruza, na ghafla yule mzee aliyenichosha kwa kusimuliwa akawa mtu. Nilisahau birika jikoni. Walipofika darajani wakaanza kugombana.

"Tubonyeze."

"Tusibonyeze! Mwache na beji yake."

"Amechoka, Chi, humwoni?"

"Kuchoka si sababu. Mimi nimechoka kila Ijumaa, sijatupa basi mtoni."

Mchezo ulingoja, kama Ueji alivyosema. Ulingoja mpaka Chisato mwenyewe akanyamaza, na mzee wa kwenye kioo akaushusha mkono, akarudisha beji mfukoni, akaondoka zake mvuani. Takehito akasoma neno lake la mwisho kwa sauti ya chini, nami sitalitaja, maana Mzee Hirukawa ameniambia ni dhambi kumfichulia asiyecheza.

Ueji hakuweza kuvumilia. "Haya, dada? Unasemaje sasa?"

Chisato alikaa akifikiri, akinywa barafu iliyoyeyuka.

"Bado ni wa mwisho katika yote mitano," akasema. "Ni wa polepole, hauna kichekesho, na kesi ya tatu ina tundu ungepitisha basi langu. Kaa chini nikuonyeshe."

Sijawahi kumwona Ueji na furaha kama ile. Alivuta kiti, akaweka bisibisi mezani, akasema, "Kesi ya tatu? Tundu liko wapi? Thibitisha!" Takehito naye akaingilia upande wa dada yake, kisha upande wa Ueji, kisha upande wake mwenyewe, na mimi nikaenda kuwatengenezea mikate, maana nilijua hawa leo hawaondoki.