Kichaka cha Barazani

Fundi cherehani huongea huku pini zake zimebanwa midomoni, ndiyo maana wateja humuuliza "unasemaje?" kila anapofungua kinywa. Cherehani yake iko barazani, ubavuni mwa kichaka cha asili ya kisiwa hiki, kinachochanua kiangazi, mimea mingine yote ikiwa imenyauka. Nyuki wanaokifuata, fundi huwapisha kwa kusogeza kiwiko, macho yakiwa kwenye mshono. Siku moja nyuki mmoja akaingia kwenye shela ya bibi harusi aliyekuja kujaribu gauni. Shangazi mtu akapiga yowe. "Fyeka kichaka hiki, la sivyo tunaondoka na nguo yetu!" Fundi, ambaye mwezi huo hakuwa na kazi nyingine, akamtoa nyuki taratibu, kisha akazitoa pini mdomoni moja moja. "Nikikifyeka, hawa watakula wapi? Hakuna ua jingine lililobaki. Basi nendeni, mama, ila pindo halijashonwa." Shangazi akalitazama gauni linavyoburuzika sakafuni. Harusi ilikuwa kesho. Akaketi.

"Wataniuma?"

"Ukipiga kelele."

Tangu hapo shangazi alinong'ona, hata alipokuwa akigomba kwamba mkono wa kushoto umebana.