Mke Mwenzangu Alitaka Mwisho Kwanza

Mwaka 1984, nikiwa na miaka kumi na tisa, ukame ulimaliza ng'ombe wa mume wetu, na shida yangu ikaanza hapo. Nasema mume wetu kwa sababu tulikuwa wake wawili. Mke mkubwa alinitangulia kwa umri na kwa ulimi. Tuliingia Garissa kwa miguu. Mume hakukaa sana, akafa. Mimi nikaanza kuuza maziwa ya ngamia, mke mwenzangu akalea watoto, wake na wangu, bila kubagua. Hakuna mtu aliyenipa kitu. Kama yupo, ajitokeze.

Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la ngumbaru, na sikufika mbali. Lakini karibu na kibanda changu sokoni kuna mtu anayetandaza vitabu vya mitumba juu ya gunia. Siku moja biashara ilikuwa imelala, nikachukua kimoja chenye picha ya mwanamume mnene ndani ya tangi la maji. Alikuwa mwandishi wa gazeti, kazi yake kuchimbua maovu ya wakubwa. Alijificha humo awasikilize wezi, likaja lori la maji, likaanza kujaza tangi. Nilicheka peke yangu mpaka mteja akaondoka, akidhani namcheka yeye. Tangu hapo nimevifuata vitabu vya visa vyake kimoja baada ya kingine.

Si hodari huyo mwandishi. Pikipiki yake haiwaki, kalamu yake haina wino. Lakini anamwuliza mkubwa, "Kisima mlichoahidi kiko wapi?" Asipojibiwa, anauliza tena. Mimi nimesimama mbele ya meza nyingi za ofisi nikaambiwa njoo kesho. Na kesho nilikwenda. Ndiyo maana tunaelewana.

Mwaka jana mke mwenzangu alianguka bafuni akavunjika nyonga. Hospitali walimtengeneza, daktari akasema atembee kidogo kila siku, la sivyo hatainuka tena. Akakataa. Alilala ameutazama ukuta. Watoto walimbembeleza, shehe akaja, wapi. Nimeona ngamia akilala chini na kukataa kuinuka. Najua kinachofuata.

Nikaanza kumsomea. Vitabu ni vya Kiswahili, na Kiswahili chake ni cha kuuliza bei tu, kwa hiyo nilisoma kimoyomoyo kisha nikamwambia kwa Kisomali. Mwenye hoteli ameuawa kwa sumu, mwandishi wetu anafuatilia. Tulipofika sura ya pili, mgonjwa akageuza shingo.

"Nani kamuua?"

"Sikiliza, tutafika."

"Wewe ulishakisoma?"

"Mara mbili."

"Kwa hiyo unajua mtu kauawa, na aliyemuua unamjua, halafu unakaa hapa unaniambia habari za pikipiki?"

"Abaayo, dada yangu, vitabu hivi ndivyo vilivyo. Utamu uko mwisho."

"Utamu! Toka chumbani kwangu na utamu wako."

Akarudi kwenye ukuta. Baada ya hapo hata salamu hakuijibu.

Nilikasirika. Kisha, nikipima maziwa sokoni, nikafikiri. Kwetu malishoni ukikutana na mtu, baada ya salamu unamwambia "warran", yaani toa habari, naye hutoa zote, kubwa ikitangulia: mvua imenyesha wapi, kisima kipi kimekauka, nani amekufa. Anayejua kisima kimekauka, akanyamaza akakuacha uende, huyo amekuua. Mwenye kutunga vitabu pengine hakuwahi kutafuta maji, hana lawama. Mimi nilitafuta. Na bado nilikaa mbele ya mgonjwa, habari ninayo, nimeikalia.

Nikarudi, nikaketi kando ya kitanda. Hakugeuka, ila alisema, "Warran."

Nikamwambia yote. Muuaji ni yule mama mpole anayemmiminia mwandishi chai kila asubuhi.

Niliogopa kwamba nimemwaga dawa yenyewe. Kisha kitanda kikatikisika. Alikuwa anacheka.

"Na chai yake ameinywa?"

"Kila siku."

"Akaomba sukari?"

"Akaomba aongezewe."

"Mjinga huyu! Haya, anza mwanzo. Pole pole. Nataka kumwona anavyotembea juu ya nyoka."

Sikuwahi kukifurahia kitabu kama safari hiyo. Asiyejua mwisho hukimbia kama mwenye kiu. Anayeujua hutembea, akaona hata nyasi.

Majirani walisikia kicheko, wakaanza kuja alasiri. Chumba kikawa kidogo, nikahamia uani na kitabu. Mke mwenzangu akaniapisha nisiwaambie muuaji.

"Leo habari inafichwa?" nikamwuliza.

"Hao si wagonjwa. Waache wahangaike."

Akawa anawasikiliza kupitia dirisha. Mmoja anaapa, "Wallahi ni mpishi!" Mwingine anasema ni mkwe. Lakini sauti hazikumtosha, alitaka kuziona nyuso. Siku mama mpole alipomimina chai tena, jirani akasema, "Huyu peke yake ndiye mwenye heshima humo ndani," nikasikia chuma kinagonga sakafu. Alikuwa mlangoni, ameshika kile chuma cha kutembelea ambacho hakuwa amekigusa tangu hospitali, jasho linamtiririka. Aliyetaka kuinuka amsaidie nilimkata jicho. Akavuta mguu, akapumzika, akavuta tena, mpaka kwenye kiti changu. Nikainuka. Akaketi, akamkazia macho yule jirani, uso umejaa furaha.

"Endelea," akaniambia. "Tuambie habari za huyo mwenye heshima."

Sasa hutembea mpaka langoni na kurudi, akiitukana njia nzima.

Mimi leo nina nyumba ya mawe ya vyumba vinne hapa Waberi, hati ina jina langu. Nina ngamia wa maziwa, wako malishoni na wanangu upande wa Wajir. Nina kibanda sokoni. Nina friza mbili, moja mbovu. Kiti cha uani ni changu, ingawa sikikalii tena. Nina vitabu saba vya visa vya yule mwandishi wa gazeti, kimoja hakina jalada.