Milioni Moja na Moja

Siku yenyewe naikumbuka mpaka vumbi la chaki, mwanangu. Nilikuwa darasa la saba, kule Karungu, na mdomo wangu ulikuwa unatangulia akili. Hesabu tulifundishwa kwa Kiingereza, lakini Mwalimu Bhoke alisomea upande wa Tanzania kabla ya kuolewa huku, na akiona tumekwama anageukia Kiswahili. Siku hiyo akatueleza habari za namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe.

"Kama mwalimu," nikasema. Nilidhani nimenong'ona.

Darasa zima likacheka, maana kila mtu alijua ana miaka mingi kwenye ndoa na hajapata mtoto, na kwamba wakwe zake walishaanza kumtafutia mumewe mke wa pili. Mwalimu hakunichapa. Afadhali angenichapa. Aliandika ubaoni 1,000,001, akaniambia, "Jumatatu uniambie kama hii ni tasa. Ukikosea, utarudia ulichosema, ukinitazama usoni."

Jumamosi nzima nilikaa kando ya mama akianika omena, wale dagaa wa ziwani, mimi nikigawanya. Mbili, haiingii. Tatu, haiingii. Saba, kumi na moja, kumi na tatu, nikapita tasa zote mpaka tisini na saba. Daftari likajaa, vidole vikaniuma. Nikasema basi, yatosha, hii ni tasa kabisa.

Jumatatu nilijibu kwa sauti kubwa. Mwalimu akachukua chaki, akagawanya kwa mia moja na moja. Ikaingia mara 9,901, bila baki.

"Uliishia tisini na saba," akasema. "Tasa inayofuata ndiyo hii. Haya, rudia lile neno."

Nikamtazama, mwanangu. Nililia tu. Akangoja ninyamaze, kisha akasema kama anayeendelea na somo: "Mia moja na moja ni tasa. Hii 9,901 nayo ni tasa. Milioni yote hii na moja yake imetoka kwa hizo mbili. Chukua namba yoyote kuanzia mbili. Kama si tasa, imejengwa na tasa. Sasa kaa, tuendelee."

Tukaendelea. Alinishika mkono kwenye hesabu mpaka nami nikawa mwalimu, Homa Bay, miaka thelathini na kitu. Nikaolewa, watoto hawakuja. Lile jina nikaitwa mimi, tena sokoni, watu wakisikia. Kesho yake nikaenda Migori alikohamia, nikamsimulia, nikamwomba msamaha na kumshukuru. Alikuwa mzee tayari. Aliniuliza, "Hao wanaokuita hivyo, wamefika mia moja na moja?" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Basi nisikie. Usimpe mtu jina wakati hesabu yake hujaimaliza. Ukichoka njiani sema umechoka, usiseme umejua. Na yule aliyekustahi ulipomkosea, mshukuru angali anakusikia. Mimi nilichelewa, ila namshukuru Mungu nilimkuta.

Nakushukuru na wewe. Tangu nianze kusema nimekuita mwanangu, na hukuniuliza nilikuzaa lini. Mungu akuzidishie.