Shabu Niliyoitia Pombe ya Wakwe

Nimekosa, na mwenye kosa ni mimi. Si shetani, si majirani, si vijana wa siku hizi. Ni mimi, mzee mzima mwenye mvi na mashine mbili za posho.

Shule niliacha darasa la nne. Nikakata mkonge mpaka viganja vikawa kama gome, nikanunua mashine ya kwanza, nikajenga nyumba ya mawe hapa nje ya Voi. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo nikiongea watu hunyamaza, na mimi miaka yote nilidhani wananyamaza kwa sababu nina akili. Maskini mimi!

Mke wangu nitamwita Mama Wakesho. Hilo si jina lake, lakini mkimjua mtamjua tu, maana pombe yake ya miwa inajulikana kutoka kwetu mpaka Kasigau. Mtu akipeleka posa, chifu akishampa ruhusa ya kupika, anakuja kwake. Miwa anaagiza Mahoo, anasema ya kwingine ni maji matupu. Anatwanga, anakamua, anatia yale matunda ya kuchachulia, anaweka mtungi karibu na jiko. Halafu anausikiliza. Ndiyo, anausikiliza! Anaweka sikio hivi, kama daktari.

"Bado inaongea," anasema. Ikinyamaza, imeiva.

Sasa, pombe yake ukiitazama si safi. Ina ukungu, rangi ya maji ya mvua ya kwanza. Ndivyo ilivyo, na hakuna aliyewahi kulalamika. Mpaka kijana wetu wa mwisho akapenda msichana wa Chawia.

Watu wa Chawia ni watu wa milimani. Maji yao yanatoka kwa mwamba, baridi, unaona mpaka chini ya kikombe. Sisi wa tambarare tunakunywa ya bwawa. Basi siku ya kwanza tulipoenda kubisha hodi, baba ya msichana, Mzee Mwandoe, akanipa kikombe cha maji mbele ya watu wote.

"Kunywa, mkwe, usiogope," akasema. "Haya hayajaogewa na ndovu."

Watu wakacheka! Hata mke wangu akacheka, akaficha mdomo na leso.

"Na hiyo pombe mtakayoleta," akaendelea, "tafadhali iwe ya kunywa. Meno yangu yamebaki machache, sitaki kutafuna."

Ulikuwa utani. Mtu anayekutania hivyo amekwisha kukupokea, na kila mtu pale alijua. Ila mimi. Mimi nilirudi nyumbani na hayo maneno yamenikaa hapa kooni. Mimi, wa kuambiwa pombe yetu ni tope?

Wiki hiyo nikapeleka unga kwa hoteli moja ya wageni. Mpishi wa pale ni rafiki yangu. Nikamuuliza, hii bia yenu inakuwaje angavu hivi, kama dhahabu? Akaniambia hata bia ya wazungu wanaojipikia nyumbani hutoka na ukungu. Kuna vitu wanatia, kimoja hutengenezwa kwa kibofu cha samaki. Ule uchafu unashikana, unazama chini, juu panabaki safi.

"Samaki kwa pombe?" nikamuuliza.

"Samaki, mzee."

Nikacheka njia nzima. Wazungu na akili zao zote wanahangaika na samaki, na sisi tuna shabu! Mnaijua shabu, lile jiwe jeupe. Unalizungusha kwenye pipa la maji ya bwawa mara tatu nne, tope linazama, asubuhi maji ni kioo. Nikaona nimewapita wazungu. Nikajipongeza peke yangu barabarani!

Nyumbani kwetu kuna sheria. Pombe ya wakwe, Mama Wakesho akishaionja, anafunga mdomo wa mtungi na jani la mgomba na kamba. Haifunguliwi tena mpaka kwa wenyewe. Ijumaa akafunga. Mchana akaenda mkutano wa akina mama kanisani. Mimi nikafungua.

Nikazungusha jiwe mara nne. Nikangoja. Ukungu uko pale pale. Nikazungusha mara kumi. Ukungu unanitazama. Hasira zikanipanda, nikachukua nyundo, nikavunja jiwe, nikatumbukiza nusu nzima. Nusu jiwe, ndugu zangu, ambalo lingetosha maji ya mwezi!

Jumamosi asubuhi nikachungulia. Lo! Juu ilikuwa imetulia, angavu kama chai ya rangi. Taratibu nikaihamisha kwenye mtungi mwingine unaofanana na ule, mashapo yakabaki chini. Nikafunga jani vile vile. Kuonja? Sikuonja. Ya nini kuonja, na macho yanaona?

Tukafika Chawia, tukakaribishwa. Desturi ni kwamba aliyeleta pombe anakunywa wa kwanza, waone hakuna ubaya. Ikamiminwa. Mzee Mwandoe akainamisha kata kwenye mwanga, akachungulia, akapiga mluzi. "Mkwe! Leo umenishinda. Naona mpaka chini ya kata."

Moyo wangu ulijaa. Nikapokea kata, nikavuta funda kubwa la kiume.

Niwaambie nini? Umewahi kutafuna ndizi mbichi na maganda yake? Zidisha. Ulimi ulikauka, mashavu yakaingia ndani, meno yakawa kama yamepakwa chokaa. Mdomo ukajifunga wenyewe.

Hapo ndipo ningesema. Ningesema, "Wakwe, simameni, nimeharibu." Badala yake nikameza, nikatabasamu kwa mdomo uliokunjamana, nikampa mzee wa watu ile kata.

Akanywa. Akajaribu kusema kitu, ikatoka sauti ya mtu anayepuliza moto. Dada yake, shangazi ya msichana, akaichukua kata, akaonja, akatema pale pale kwenye majani.

"Mmetuletea dawa ya meno!" akasema. "Nani amepika hii kitu?"

Watu wote wakanitazama. Nami nikafanya nini? Nikamtazama mke wangu.

"Mama watoto ndiye mpishi," nikasema.

Sikudanganya, sivyo? Ndivyo nilivyojiambia. Mama Wakesho akaomba kata, akaonja. Nikaona uso wake ukibadilika. Hakunitazama. Aliitazama mikono yake.

"Ni mimi nimepika," akasema polepole. "Nisameheni, wazazi wangu. Sijui imekuwaje."

Pombe ikikataliwa, maneno ya posa hayaendi. Tukaambiwa kwa upole turudi tukapike tena. Kijana wetu akatoka nje bila kuaga. Kwenye gari hakuna aliyeongea, na mimi, aibu yangu, nilikuwa nashukuru kwamba mdomo wangu bado hauwezi.

Habari ya namna hiyo haitembei, inaruka. Kabla mwezi haujaisha, mama mmoja wa Kasigau aliyekuwa ameshamwagiza mke wangu pombe ya harusi akatuma salamu kwamba ameamua kununua soda. Soda!

Lakini si hiyo iliyonivunja. Iliyonivunja ni mezani. Mama Wakesho alianza kuniuliza.

"Baba Wakesho, mboga ina chumvi?"

"Ina chumvi."

"Haijazidi?"

Miaka arobaini huyu mwanamke hajawahi kuniuliza chumvi! Ukithubutu kuomba, anakuambia ulimi wako umezeeka. Sasa anaonja chai mara mbili. Ananusa maziwa, anampa jirani anuse pia. Siku moja nikamkuta jikoni ameketi na mtungi mtupu mapajani. Akaniambia, bila machozi, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Nafikiri ulimi wangu umekufa. Mama yangu pia ilimpata uzeeni. Kijana atafute mpishi mwingine."

Nikakaa chini, kwenye sakafu, mimi na suruali yangu ya kanisani. Nikasema yote. Hoteli, samaki, nyundo, nusu jiwe.

Nilitegemea anipige na mwiko. Aliutoa mtungi mapajani, akauweka chini.

"Wiki tano," akasema. "Wiki tano umeniacha niulize chumvi."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nimesikia. Sasa utasema kule kule ulikonitazama mimi."

Jamani! Afadhali mwiko.

Akapika upya. Tukapanda tena Chawia, na mbele ya ukoo mzima wa watu nikasimama, kofia mkononi. Nikasema mpishi hana kosa. Nikasema mwenye kosa ni mimi, niliyeona haya kwa utani wa mkwe, nikatia shabu, na kosa liliponirudia mdomoni nikalisukuma kwa mke wangu.

Halafu Mzee Mwandoe akauliza, "Shabu ile ile ambayo kinyozi hupaka akikukata?"

"Ile ile."

Alicheka mpaka akashikiliwa asianguke. Shangazi akalia machozi ya kicheko. "Siku mbili nilikuwa nikiita kuku, hakuna sauti!" akasema. Wakanitoza kondoo dume, si wa mahari, wa ujinga wangu. Halafu wakanywa. Pombe ilikuwa na ukungu kama mto uliofurika, na mzee akaongeza mara tatu, akitafuna kwa makusudi ili nimwone. Msichana tulipewa. Leo ni mke wa kijana wetu, na mimi kule milimani jina langu ni Bwana Shabu. Hata watoto wadogo wananisalimia hivyo, kwa heshima kabisa.

Wateja wamerudi. Yule wa Kasigau aliomba radhi, akaambiwa aendelee na soda yake.

Nyinyi wanaume wenzangu mnaosoma hii mkinicheka, chekeni. Lakini kazi ambayo mkeo anaijua, usiitilie mkono eti kwa sababu ulijenga nyumba ya mawe. Na ukiharibu, sema papo hapo, hata kama mdomo umekukauka. Usingoje. Aibu yangu ilikwisha kwa kondoo mmoja. Ya kwake sijui itakwisha lini, maana mpaka leo akiweka sahani mezani hakai mara moja. Anasimama kidogo, leso mkononi, ananitazama mdomo. Hata hajui kwamba anafanya hivyo.

Mimi najua. Kwa hiyo nasema kabla hajauliza: "Tamu, mama. Kaa ule." Hata siku ambayo wali umeungua.