Miguu ya Mbao Mbele ya Jiwe la Tai

Mume wangu Stanislausi amepiga picha pale Iringo, Musoma mjini, kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hajawahi kumpiga mtu aliye mbali kuliko urefu wa kitanda. Kazi yake ni picha za pasipoti. "Kaa wima. Kidevu chini kidogo. Usipepese." Maneno hayo nayasikiaga mpaka usingizini. Mimi Matrida ndiye ninayekata picha, ninayezitia kwenye bahasha, na ninayegombana na wateja, maana mwenzangu hajui kugombana kabisa. Mtu akimwambia picha imemfanya mzee, yeye anaomba radhi. Mimi namwambia mteja akamlalamikie mama yake.

Jumapili moja mwezi wa nane, shangazi yake Gaudensia akapiga simu kutoka kijijini kwao, upande wa Butiama. Alikuwa analia. Yule mama sijawahi kumwona akilia, hata siku tuliyomzika mume wake, kwa hiyo nilikaa chini kwanza ndipo nikamsikiliza.

Nyuma ya shamba lake kuna jiwe kubwa, jiwe la kweli, linaanza kwenye mihogo yake na kuishia mawinguni. Ubavuni mwake wanaishi tai wawili weusi, na shangazi ameishi chini yao tangu alipoolewa. Sasa kijiji kilitaka kulipasua jiwe hilo lipate kokoto za barabara. Shangazi akasimama mkutanoni, akasema kiotani kuna kinda, wakachukue mawe ng'ambo ya bonde ambako jiwe la pili limekaa bure. Hezron, msimamizi wa kazi hiyo, akacheka. "Kiota kile kilishakufa. Mama macho yamechoka, anaotaga mchana." Watu nao wakacheka. Mwenyekiti akamaliza kwa kusema, mama alete ushahidi Jumamosi: picha inayoonyesha kinda likiwa hai. Ikiwepo, watahamia jiwe la pili. Isipokuwepo, Jumatatu wanaanza kupasua.

"Wale wakubwa wana mabawa, watahama," shangazi akaniambia. "Kinda halina. Na mimi nimeitwa mwongo mbele ya wajukuu zangu, mkamwana."

Nilimtazama Stanislausi. Alikuwa anafuta kamera yake kwa pindo la shati, taratibu. Akasema, "Nitaenda." Basi, hilo tu.

Haya, utampigaje ndege aliye mbali namna ile kwa kamera ya pasipoti? Kiota kiko juu, upande wa magharibi, mahali ambapo hata pimbi wakitaka kupita wanafikiri kwanza. Ukiwa chini unaona vijiti tu. Ili uone ndani inabidi upande kilima cha ng'ambo ya bonde, na kutoka pale mpaka kiotani ni kama viwanja vitatu vya mpira. Jumatatu tukaenda Bunda kwa Gody, dereva wa watalii niliyesoma naye, ambaye mgeni wake mmoja alimwachia lenzi ndefu. Nzito hiyo! Ukubwa wa mtoto wa miezi mitatu, na Gody alitukabidhi kama mtoto, kwa mikono miwili. "Matrida, ikirudi na mkwaruzo tusijuane."

Sasa lenzi ya namna hiyo huishiki mkononi. Ukipumua tu, kule mbali picha imeruka mtaa mzima. Inataka stendi. Nikadhani tutaingia duka la kwanza tuchukue stendi tuondoke, lakini mume wangu alinishangaza. Pale Bunda alizunguka maduka matatu na lenzi kifuani. Kila stendi aliyopewa aliifunga kamera juu yake, akachungulia, akaigonga kwa kidole kimoja, akaanza kuhesabu kimoyomoyo.

"Unahesabu nini, Baba Fredi?"

"Nahesabu inachukua muda gani kutulia. Hii nimefika nane bado inatetemeka."

Muuza duka akasema hiyo ndiyo imara kuliko zote, ina mguu wa katikati unaopanda juu mpaka unampita mtu kimo. Stanislausi akasema kwa adabu kwamba hicho ndicho kinachomtisha, maana huo mguu wa katikati ni fimbo moja imesimama juu ya stendi, na fimbo inayumba. Mwishowe tukachukua iliyofika tano. Kichwa chake, pale kamera inapokaa, kilikuwa cha duara, unalegeza, unageuza, unakaza. Hapakuwa na nyingine.

Jumanne mchana tukapanda kile kilima. Usiniulize kwa nini hatukwenda asubuhi hewa ikiwa imetulia. Asubuhi jua liko nyuma ya jiwe, na kiota ni giza tupu. Jua linaingia kiotani kuanzia saa tisa, na saa tisa ndiyo saa upepo wa ziwani unapoamka. Ulikuja ukilaza majani yote upande mmoja. Stanislausi akapiga, akapiga tena. Nilipotazama kwenye kioo cha kamera niliona uji. Jiwe uji, kiota uji, na katikati doa jeupe ambalo lingeweza kuwa kinda au kinyesi.

Hapo ndipo mimi nikajifanya mjuzi. Kwetu ni Murangi, nimezaliwa kwenye mitumbwi, na kama kuna kitu nakijua ni kutuliza chombo kwenye upepo. Nikachukua jiwe, nikalifunga kamba, nikalitua chini katikati ya miguu ya stendi, na ile kamba nikaifunga juu huku nikiiachia ilegee vizuri. Kwetu nanga huikazi. Ukikaza, wimbi likija linazamisha pua ya mtumbwi. Unaiachia kamba, chombo kicheze kidogo.

"Una uhakika?" mume wangu akauliza.

"Wewe wa nchi kavu nyamaza."

Upepo ukapiga. Stendi ikacheza kidogo kama nilivyotaka, halafu ikaendelea kucheza mpaka ikalala. Kamba yangu haikukaza hata mara moja. Stanislausi, mtu wa miaka hamsini na minne ambaye hakimbilii hata mvua, aliruka akaanguka chali na ile lenzi ikamwangukia kifuani. Nilipiga yowe. Nilijua nimemuua mume, nimevunja kitu cha watu, na nimemzika kinda, vyote kwa kamba moja.

Lenzi ilikuwa nzima. Mume alikuwa mzima, ila alipumua kwa shida. Kichwa cha stendi ndicho kilichovunjika, vipande viwili. Nikakaa kwenye majani nikalia kwa hasira, hasira ya kujikasirikia mwenyewe, ambayo haina pa kwenda. Stanislausi akaanza kuokota vile vipande, na hilo liliniuma zaidi.

Mzee mmoja alikuwa anachunga mbuzi pale kilimani na aliona yote. Alikuwa Mzee Bernado, jirani ya shangazi. Tukamwamkia. Akaitikia, akainua ile kamba yangu iliyolegea kwa kidole, akanitazama.

"Wewe ni mtu wa ziwani," akasema.

"Umejuaje, mzee?"

"Umeifunga kamera kama mtumbwi. Kamera haitaki kucheza, mama." Akacheka kidogokidogo. "Njooni nyumbani."

Ujana wake wote Mzee Bernado aliwabebea wapima ardhi vifaa vyao, kilima kwa kilima. Walipoletewa vya chuma wakamwachia miguu yao mitatu ya mbao, naye akaiweka darini. Alipoishusha, ina vumbi na buibui, nilitaka kucheka. Mbao nene, nyeusi kwa mafuta ya mikono, na kila mguu una ncha ya chuma na mahali pa kukanyagia uzame ardhini. Haina mguu wa katikati. Stanislausi akaisimamisha uani, akaikanyaga mguu kwa mguu, akafunga lenzi juu kwa muda kwa mpira wa baiskeli, akagonga kwa kidole.

"Moja," akasema.

Akagonga tena. "Moja. Mama Fredi, ni moja!" Sauti yake ilikuwa inatetemeka, ile mbao haitetemeki.

"Mbao inaumeza mtikisiko," mzee akasema. "Chuma chepesi kinaimba."

Miguu tumepata, kichwa hatuna. Jumatano tukarudi Musoma, tukaenda Bweri kwa Benjamini, fundi baiskeli. Stanislausi alimweleza shida: kichwa cha duara, kikibeba mzigo mrefu wa mbele, ukikilegeza kinainama, ukikikaza kinashuka kidogo baada ya kukiachia. Yeye anataka lenzi ining'inie katikati ya uzito wake, igeuke kwa kidole na ibaki pale alipoiachia. Benjamini akakuna kichwa. Kisha akaenda nyuma ya banda akarudi na foko ya baiskeli ya zamani, ile uma inayoshika tairi la mbele. Akaigeuza miguu juu.

"Hii inazunguka kulia na kushoto kwa goroli zake, si ndiyo? Na tairi linazunguka juu na chini. Weka lenzi yako mahali pa tairi."

Jamani! Kitu tunakipandaga kila siku. Akaipanua kidogo, akachomelea kibati cha kuifunga kwenye mbao, akapaka grisi. Alhamisi jioni Stanislausi alikaa sebuleni akiigeuza lenzi kwa kidole kimoja, huku na huku, kama mtoto aliyepewa gari la waya.

Ijumaa saa tisa tukawa kilimani, na upepo ulikuwa mbaya kuliko wa Jumanne. Stanislausi akafupisha miguu yote, akaitanua, akakaa chini kabisa kwenye majani. Akaufungua mkanda wa kamera akautia mfukoni, maana ulikuwa unapigapiga. Nilileta jiwe, kisha nikaliweka mbali, naona aibu. Mzee Bernado akanirudishia.

"Funga wewe mwenyewe. Kamba ikaze, jiwe liguse ardhi kidogo tu. Likining'inia litabembea, likilala halina kazi."

Nikafunga. Kisha nikakaa upande wa upepo nimetandaza kitenge, nikawa ukuta. Stanislausi akashika kirimoti chake cha kupigia picha bila kuigusa kamera, akatulia.

Tulikaa hivyo saa nzima. Mgongo uliniuma na sikuthubutu kusema. Kisha kivuli kikapita juu yetu, na yule tai akatokea.

Ee Mungu wangu. Mimi nimeona ndege wa ziwani maisha yangu yote, lakini huyu hakupiga bawa hata moja. Upepo uliokuwa unanipasua masikio yeye aliukalia tu. Alipogeuka, mgongoni ukaonekana ule weupe wake katikati ya weusi. Alibeba pimbi. Akafunga mabawa, akatua kiotani, na kutoka kwenye vijiti kikainuka kichwa cheupe, kinywa wazi. Kinda! Manyoya meupe yameanza kuchanganyika na ya kahawia, na vijibawa vinatetemeka kwa njaa. Machozi yalinitoka bila ruhusa. Stanislausi hakupepesa. Nilimsikia akinong'ona, "Kaa wima. Kidevu chini kidogo," na kirimoti kikabonyezwa.

Tuliposhuka, shangazi alikuwa amekaa mlangoni. Nikamkimbilia na kamera. Akageuza uso.

"Usinionyeshe. Kesho watasema niliona picha ndiyo nikajua la kusema. Mimi nilisema nilichokiona kwa macho yangu. Mkutano uishe kwanza."

Jumamosi picha ilizunguka mkutanoni mkono kwa mkono, nimeichapa kubwa kwa mashine yetu Musoma usiku wa Ijumaa, na kila ilipofika watu walisogeza vichwa. Ilipofika kwa Hezron akaikodolea macho, halafu akasema kwa sauti, "Picha nzuri. Lakini hizi ziko tele mtandaoni. Tutajuaje huyu ni wa hapa?"

Watu wakaanza kunong'ona. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, na nisingesema mazuri, lakini Mzee Bernado akaniwahi. Akaichukua picha, akaisogeza puani.

"Mwenyekiti, njoo usome hapa chini ya kiota. Kumeandikwa nini kwenye jiwe?"

Mwenyekiti akainama. Kwa rangi nyeupe iliyofifia, herufi ndogo kuliko punje ya mchele, zimesimama wima bila kutikisika. "B, kumi na nne," akasoma.

"Hiyo niliiandika mimi. Wapima walinishusha kwa kamba kutoka juu, nikiwa kijana. Huku chini haionekani, na mtandaoni haipo. Anayebisha apande na mimi kile kilima."

Hakubisha mtu. Hezron akasema waanze kupeleka vifaa ng'ambo. Na kabla ya kukaa alimgeukia shangazi akasema, "Mama, nilikukosea." Shangazi akaitikia kwa kichwa, basi.

Jumapili baada ya misa tukampandisha kilimani polepole, mimi mkono huu na Stanislausi mkono ule. Tuliisimamisha mbao, jiwe nikalifunga mimi. Stanislausi akaitafuta ile sura, akaiachia lenzi, nayo ikabaki palepale. Shangazi akapiga magoti, akaweka jicho.

Tai mkubwa alikuwa amesimama ukingoni mwa kiota, kinda miguuni pake. Upepo ulivuma, na shangazi hakujitikisa. Mimi nilijua anaona nini, nilishaona: lile jicho lenye duara la njano, limetazama moja kwa moja bondeni, kwenye paa la nyumba yake, kwenye mihogo yake, na sasa kilimani hapa tulipo. Alikaa hapo mpaka nikaogopa magoti yatamfa ganzi.

Alipoinua uso, mashavu yalikuwa yameloa.

"Miaka arobaini na moja nimekaa nikimwangalia," akasema. "Kumbe na yeye alikuwa ananiangaliaga."