Chuma Katikati ya Mbolea

Maganda ya kahawa yakioza karibu nami, mate hunikauka hadi leo. Harufu ile chachu hunirudisha Kiganjo, nyuma ya nyumba yetu, nikiwa na miaka tisa na roho mbaya. Msiniambie mtoto hana hatia. Mimi nilikuwa nayo.

Uwanja wetu ulikuwa mawe matupu, kwa hivyo shosho, mama yake baba, alijitengenezea udongo wake: maganda ya kahawa, makapi ya mpunga kutoka Wang'uru, mboga zilizooza sokoni na kinyesi cha kuku. Rundo lilipata moto likioza; likishapoa alijaza magunia, akapanda mnanaa, rosemari na shubiri za dawa. Baba aliita yote hayo takataka. Alimpa shosho msimu mmoja wa mvua: miche isiposhika, magunia yaondoke, naye baba ajenge vyumba vya kupangisha.

Shosho hangeweza kupima joto mwenyewe. Mafuta ya mandazi yalimuunguza viganja zamani, vikafa ganzi. Alichomeka chuma katikati ya rundo, na kila jioni mimi ndiye niliyekichomoa nikakishika. Nilichukia kazi hiyo. Darasani waliniita Kuku na kuziba pua nikipita.

Siku moja nikachoka. Chuma kilitoka cha moto, nikakifumbata hivyo hivyo, nikajikaza.

"Imepoa?"

"Imepoa, shosho."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akajaza magunia huku akiimba, akapanda miche yake yote. Siku ya pili yake miche ilikuwa imelala, mizizi imeiva kama sukuma wiki sufuriani.

Baba alitukuta jikoni. Shosho alikuwa ameona lengelenge nililokuwa nikilificha, ananipaka utomvu wa shubiri.

"Nani alikuambia hiyo mchanga iko tayari?"

Shosho alitazama kiganja changu, kisha uso wangu.

"Ni hii mikono yangu tu," akasema.

Vyumba vikajengwa. Tangu siku ile shosho hakunituma tena kitu. Maji alimwomba jirani, sindano akatungiwa uzi na wapangaji. Nilifurahi, jamani, nikadhani amenisamehe.

Nilielewa miaka kumi baadaye, alipokuwa kitandani haoni vizuri, nikampelekea uji. Akauliza ni nani. Nikajitaja.

"Iko moto?"

Nikamwambia umepoa, na kweli ulikuwa umepoa. Akakiacha kikombe mezani, akangoja hadi mama alipoingia akamwonjea.