Nilisema Tunaweka Serikali Mpya, Wakamchukua Waswa

Wenzangu, mwenye kosa ni mimi. Nalisema mapema ili msije mkanionea huruma katikati halafu mkajuta. Nimelificha jambo hili tangu enzi za utawala wa jeshi hapa Kampala. Sasa nimezeeka, magoti yanauma, na bado kila sikukuu naletewa samaki nisiyestahili kumla.

Habari ya samaki mtaijua. Ngojeni kwanza.

Miaka ile nilikuwa mpiga teleksi, zile barua za kupigwa kwa waya, katika kampuni ya kusafirisha mizigo kule Nakawa. Ujana ulikuwepo, na kiburi kilikuwepo zaidi. Kwetu ni Waislamu wa siku nyingi mjini, babu wa babu yangu alikuja na biashara kutoka pwani, na nyumbani tulizungumza Kiswahili cha kueleweka. Wengi wa mjini walikijua Kiswahili cha kambini tu, cha amri na matusi. Mimi nikajiona malkia! Mtu akikosea neno mbele yangu namsahihisha hapo hapo, awe mkubwa awe mdogo.

Waswa nilimsahihisha kuliko wote, maskini. Alikuwa fundi wa redio, Muganda wa Lubaga, mpole, vidole vyake vimejaa makovu ya kuungua. Kabla Wahindi hawajafukuzwa alifanya kazi kwenye duka la redio la Mhindi mmoja aliyempenda kama mwanawe. Yule bwana alipofika ughaibuni hakumsahau. Akawa anamtumia vifurushi, leo vipande viwili, baada ya miezi vitatu, vimefichwa ndani ya kopo la biskuti.

Vipande vya nini? Vya kompyuta! Waswa alikuwa anaunda kompyuta chumbani kwake. Sanduku lilikuwa la redio kuukuu ya mbao, mbele lina safu ya swichi na taa ndogo nyekundu. Kumbukumbu ya mashine aliiunga kwa vipande vya aina tatu visivyofanana. Kwa kuandikia tulitumia mashine mbovu ya teleksi iliyotupwa na ofisi yangu, nikamwombea kwa meneja, Waswa akaitengeneza. Hapo ndipo urafiki wetu ulipoanzia. Urafiki tu, maana najua mnavyowaza.

Siku moja kopo likaja na utepe mrefu wa karatasi uliotobolewa matundu. Yule bwana aliandika kwamba hiyo ndiyo programu kuu inayoiongoza mashine nzima. Inagawa kumbukumbu, inaamua kipi kiingie na kipi kingoje. Leo vijana wanaita mfumo endeshi. Sisi hatukuwa na neno. Waswa aliiita "bosi".

"Bosi gani?" nikamwambia. "Kitu kinachogawa, kinachoamuru, kinachoruhusu, hicho ni serikali!"

Akacheka, lakini kwanza alitazama dirishani. "Nyabo," akasema, maana kwa Kiganda ndivyo mwanamke anavyoitwa kwa heshima, "hilo neno tusitoke nalo nje."

"Si tuko ndani?" nikasema. Basi ikawa serikali.

Shida ni kwamba serikali hiyo ilitengenezwa kwa mashine za kiwandani, si kwa sanduku la Lubaga. Karatasi ya maelezo ilisema wazi kwamba aliyejiundia mashine nyumbani atajua mwenyewe. Jumamosi ya kwanza Waswa alikaa akibofya swichi moja moja kuiamsha mashine, utepe ukapita wote ukikwaruza, halafu kimya. Taa moja nyekundu ikabaki inawaka. Tukarudia. Taa ile ile.

Tulidhani ni umeme, maana ulikuwa unapanda na kushuka kama mtu mwenye homa. Waswa akafunga betri ya gari. Bado. Tukadhani ni kumbukumbu. Jumamosi ya pili akachomoa vipande kimoja kimoja, akakuta viungo viwili havijashika, akavipasha moto upya. Hapo ndipo neno la pili lilipozaliwa.

Alikuwa anatumia ule waya laini unaoyeyuka, wa kuunganishia nyaya. Yeye aliuita "soda", kama mafundi wenzake.

"Soda ni ya kunywa," nikamwambia. "Babu yangu aliziba mabirika ya kahawa kwa kitu hicho hicho, na kwetu kinaitwa risasi. Sema, nimetia risasi."

"Nimetia lisasi."

"Ri! Risasi!"

"Nyabo," akasema, akaweka chini chuma chake cha moto, "katika mji huu lisasi ni kitu kimoja tu. Mimi nitasema soda."

Jamani, mtu aliniambia! Aliniambia kwa kinywa chake, nami nikacheka mpaka nikashika mbavu.

Jumamosi ya tatu akaugundua ugonjwa. Serikali ilikuwa inaitafuta mashine ya kuandikia kwenye mlango namba mbili, yaani sehemu ya pili ya kuungia nyaya, na yeye alikuwa ameiunga kwenye mlango mwingine kabisa. Ilikuwa inabisha hodi nyumba isiyo na mtu. Kubadilisha nyaya kungetulazimu kuvunja nusu ya kazi, kwa hiyo tukaamua kuubadilisha utepe. Nikaenda nao ofisini, nikatoboa nakala mpya kwa mashine yetu ya teleksi wakati wa chakula cha mchana, nikibadilisha namba ya mlango mahali sita. Jumamosi iliyofuata tukaupitisha. Ukakataa! Mashine ilisimama ilipofika tu kwenye namba ya kwanza niliyoigusa.

Waswa akauvuta ule utepe kidole kwa kidole, nusu saa nzima. Halafu akapiga paja. Kumbe kila mstari una jumla ya namba zake mwishoni, na mashine huzijumlisha yenyewe kuhakikisha. Nilikuwa nimebadilisha namba, nikaacha jumla ya zamani.

"Inajua kama mtu ameigusa," alisema. Akaniandikia jumla mpya sita kwenye kipande cha gazeti. "Utoboe tena. Ukimaliza nipigie simu, useme tu 'tayali'. Basi. Usiongeze."

Tayari. Neno moja. Ndilo nililoagizwa.

Jumatano nikaumaliza utepe. Nikaulinganisha mara mbili, tundu kwa tundu, na moyoni nilijua kwamba safari hii itakubali. Furaha ikanipanda kichwani. Simu ilikuwa mezani kwangu. Kwenye benchi, mbele ya kaunta, alikaa sajini mmoja aliyekuwa anangoja karatasi za mzigo wa kambi yao tangu asubuhi. Nikapiga duka lililo jirani na Waswa, wakaenda kumwita.

Sikusema tayari. Nilisema hivi, kwa sauti ya kujisikia:

"Waswa! Ile serikali iliyokataa nimeshaiondoa. Mpya ninayo hapa mkononi. Jumamosi saa nane tunaiweka, na safari hii haianguki! Risasi zilizobaki hazitoshi, tafuta nyingine."

Waswa akasema polepole, "Nyabo, weka simu chini." Ikakatika.

Nilipoinua macho, sajini alikuwa ananitazama akitabasamu.

"Dada," akasema, "wewe naongea Kiswahili mzuri sana. Kama ya redio."

Mungu anisamehe, nilisema ahsante!

"Jumamosi saa nane," akasema, kama mtu anayekariri ili asisahau. Akasimama, akavaa kofia yake, akaondoka. Karatasi alizozingoja tangu asubuhi hakuzichukua. Hapo ndipo nilipoelewa nilichosema.

Alhamisi wakaja wawili, mashati ya maua, miwani myeusi; mji mzima uliwajua watu wa usalama kwa mavazi hayo. Meneja aliwapa ofisi yake, kisha yeye akatoka nje kabisa, akaenda kusimama kwenye malori. Nikaitwa. Utepe ulikuwa kwenye mkoba wangu, chini ya mtandio.

"Nani anaweka serikali?" aliuliza mmoja. Hakupaza sauti.

Ningeweza kuutoa utepe. Ningeweza kusema ni mashine, na maneno yale mawili ni yangu mimi, mwenye mashine aliyakataa. Pengine wasingeamini. Pengine wangenichukua mimi. Hilo la kunichukua mimi ndilo nililoliogopa.

"Mimi ni mpiga teleksi tu," nikasema. "Maneno ni yake. Mimi narudia anachoniambia."

"Yake nani?"

Nikataja jina. Nikataja Lubaga. Wakauliza nyumba ipi, nikawaeleza mpaka rangi ya mlango! Hakuna aliyenipiga, wenzangu. Hakuna aliyenigusa hata ukucha.

"Tutamwuliza kidogo tu," wakasema, wakanishukuru.

Sasa sikilizeni lililo baya kuliko hilo. Walipotoka hawakuondoka. Walisimama getini wakanunua mahindi ya kuchoma, wakala taratibu, niliwaona dirishani. Simu ilikuwa mezani kwangu. Namba ya lile duka niliijua kwa kichwa. Niliitazama simu mpaka wakatupa vigunzi vyao, wakaingia kwenye gari, na sikuinyanyua. Nilijiambia labda wanaisikiliza. Labda! Mpaka leo sijui.

Waswa alichukuliwa kabla ya adhuhuri. Hakurudi, na hana kaburi.

Wiki iliyofuata mtu aliingia ofisini kwangu, nikapiga yowe. Uso ule ule, mabega yale yale! Alikuwa Kato, pacha wake, mchuuzi wa samaki kule Ggaba ziwani, ambaye sikuwahi kumwona.

"Walivunja kila kitu," Kato akaniambia. "Lakini lile sanduku na ile mashine ya kuandika waliona ni takataka, wakaacha. Dada, wewe ulikuwa rafiki yake. Nani alimsema ndugu yangu?"

"Sijui," nikajibu. "Watu wa mji huu ni wabaya."

Niliyatamka hayo nikimtazama usoni, na uso wenyewe ni wa Waswa.

Utawala ulipoanguka, Kato akanijia tena. Vitu vya ndugu yake alikuwa amevihifadhi chini ya kitanda, amevifunika gunia. Akaniomba niviwashe, aone Waswa alikuwa anahangaikia nini. Nikaenda na utepe wangu. Nikabofya swichi kama nilivyokuwa nikimwona Waswa akibofya, nikakosea, nikaanza upya, utepe ukapita. Taa nyekundu ikazimika. Mashine ya kuandikia ikashtuka, ikapiga alama moja kwenye karatasi, ikatulia.

"Inasema nini?" Kato akauliza.

"Inasema iko tayari. Inangoja mtu aiambie la kufanya."

"Nani aiambie?"

Kato akalia, akanishika mikono yote miwili, akasema tangu leo mimi ni dada yake, kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyeimaliza kazi ya Waswa. Tangu siku hiyo, kila Idi huniletea samaki kutoka Ggaba, mbichi, ameshampara magamba kwa mkono wake. Mimi humkaanga, wajukuu wakala, nami husema tumbo linanisumbua.

Siku hizi mjukuu akikosea neno, nanyamaza. Wakisema lisasi, nanyamaza. Wanadhani bibi yao ni mpole!

Nyinyi mnaopenda kusifiwa kwa midomo yenu, jihadharini. Ukiagizwa neno moja, sema hilo moja uweke simu chini. Na ukiulizwa maneno haya ni ya nani, nayo ni yako, sema ni yangu, hata kama sauti haitoki. Utaogopa siku hiyo, ndiyo. Mimi sikusema, na nimeogopa kila siku tangu hapo, kila nikisikia hodi mlangoni.

Kato hajui kusoma, lakini jirani yake hununua gazeti hili na kumsomea. Idi imebaki siku chache. Kato, ndugu yangu, serikali ni neno langu, risasi ni neno langu, na mlango wa nyumba ya Waswa niliuelekeza mimi. Safari hii, ukija, njoo bila samaki.